Maswali ya Wasomaji: Miezi Sita ya Ukaazi na Leseni ya Bastola Michigan

SWALI: Mimi ni mkaazi wa kudumu wa Marekani, nina grini kadi. Nilihamia Grand Rapids, Michigan, kutoka Ohio miezi minne iliyopita, na ningependa kuomba leseni ya kubeba bastola iliyofichwa. Bado natumia leseni ya udereva ya Ohio, lakini nina mkataba wa pango na bili za umeme zenye jina langu. Je, hati hizo zinatosha? Rafiki yangu ananishauri nijiandikishe kupiga kura ili ukaazi wangu utambuliwe haraka.

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na ushauri wa rafiki yako, kwa sababu unaweza kukuletea madhara makubwa kuliko kunyimwa leseni. Tafadhali usijiandikishe. Ni kweli kwamba sheria ya silaha ya Michigan inamhesabu kuwa mkaazi mtu aliyeandikishwa kihalali katika daftari la wapiga kura, lakini uzito wote uko katika neno "kihalali". Daftari hilo ni la raia peke yao, na asiye raia anayejitangaza kuwa raia ili aandikishwe anavunja sheria ya shirikisho na anaweza kupoteza ukaazi wake na kuondolewa nchini.

Wala huhitaji njia hiyo, kwa kuwa uraia si sharti la leseni yenyewe. Sheria inamkubali raia au mgeni aliyeingia nchini kihalali, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, yuko katika hali tofauti kabisa: kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza hata kumiliki silaha, isipokuwa kwa sababu chache.

Kuhusu ukaazi, watu wengi huchanganya masharti mawili. Sharti la kwanza ni kuwa mkaazi halali wa Michigan, na kwa mtu kama wewe, ambaye si raia wala si mwanajeshi, linathibitishwa kwa leseni ya udereva ya Michigan au kitambulisho rasmi cha jimbo hilo. Mkataba wa pango na bili za umeme havimo katika vigezo hivyo, na leseni ya Ohio haikusaidii. Nenda basi kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo ukaibadilishe. Picha utakayopigwa huko ndiyo itakayotumika pia katika leseni ya bastola.

Sharti la pili ni kuwa umeishi Michigan kwa miezi 6 mfululizo kabla ya siku ya kuwasilisha maombi, nawe una minne tu. Miezi hiyo inasamehewa iwapo, wakati ukaazi wako wa Michigan ulipoanza, tayari ulikuwa na leseni halali ya kubeba bastola iliyofichwa kutoka jimbo jingine. Ikiwa hukuwa nayo, subiri, na usijaribu kurudisha nyuma tarehe ya kuhamia, kwani fomu inasainiwa chini ya kiapo, na kusema uongo kwa makusudi ni kosa la jinai linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 4, faini ya hadi dola 2,500, au vyote viwili. Huenda ukasikia kutoka kwa ndugu walioko jimbo la Washington kwamba kwao hakuna kungoja kwa namna hiyo; ni kweli, kwa kuwa huko asiyetimiza siku 90 za ukaazi hukubaliwa kuomba, ila uchunguzi wake unaweza kuchukua siku 60 badala ya 30.

Miezi miwili iliyobaki inatosha kumaliza mafunzo ya lazima ya saa 8, zikiwemo saa 3 za kulenga shabaha. Kisha wasilisha maombi kwa karani wa Kaunti ya Kent, ulipe dola 100, na upigwe alama za vidole. Tunza stakabadhi ya alama hizo: siku 45 zikipita bila kupewa leseni wala taarifa ya kukataliwa, stakabadhi hiyo hutumika kama leseni, mradi uibebe pamoja na leseni yako ya udereva au kitambulisho cha jimbo.