Bluetooth au UWB ndani ya godauni?

Ndugu yangu, umesema una jenereta na mikokoteni kama 60 ya kukodisha ndani ya godauni lenu hapo Kisumu, na unataka kuona papo hapo kila kimoja kiko wapi. GPS isahau, chini ya mabati haikusaidii.

Kwanza jiulize, unatafuta upande au unatafuta rafu? Kama "iko karibu na mlango wa nyuma" inakutosha, chukua Bluetooth ile ya nishati ndogo. Tagi zake, yaani vifaa vidogo vya kubandika kwenye mali vinavyotoa mawimbi, ni nafuu, betri hukaa mwaka na zaidi, na hukosea mita 2 hadi 5 hivi. UWB, teknolojia ya redio ya mkanda mpana sana, hupima muda ambao wimbi linasafiri, si nguvu yake kama Bluetooth, ndiyo maana hufikia sentimita 10 hadi 30. Lakini vipokezi vyake, yaani vifaa vinavyonasa mawimbi ya tagi, ni ghali, na kwa jenereta sioni haja. RFID isiyo na betri, yaani kibandiko cha redio kinachosomwa na mashine, itakuambia tu kitu kimepita mlangoni, basi.

Adui wako ni chuma. Tulipofunga Bluetooth kwenye stoo moja Nakuru, ramani ilionyesha pampu iko nje barabarani, kumbe imelala nyuma ya rafu ya chuma! Tulipandisha kipokezi hadi kwenye boriti, tagi tukaibandika juu ya kipande cha mbao badala ya bati lenyewe, ikatulia.

Anza na vipokezi 4 kwenye kona iliyojaa vyuma zaidi, ujaribu wiki mbili. Na uviwekee betri ya akiba, stima ikipotea usibaki gizani.