Jina langu limetrendi vibaya, jamaa anasema atalifuta Google: nimlipe?

Swali: Nina hisa kwenye kampuni ya apatimenti. Tulipandisha kodi, wapangaji wakaposti, nikatukanwa wiki nzima na sasa benki inasuasua na mkopo wetu. Kuna jamaa kanifuata DM anasema atafuta kila kitu na kuleta watu wa kunitetea. Nimpe hela?

Jibu: Mkuu, hata advansi usimpe. Hili swali naletewa kila siku na kila siku kuna "jamaa". Google wana fomu yao, ya bure, na wanaondoa vitu vichache tu, kama namba zako za benki, picha za faragha au kitu ambacho mahakama imeshaamua, tena wanaondoa kwenye matokeo ya kutafuta, posti yenyewe inabaki palepale, na zile skrinishoti za magrupu ya WhatsApp huyo jamaa atazifikia vipi? Wengi wao wanachofanya ni kukopi posti, kuirudisha tarehe nyuma, halafu kudai kwa Google kwamba wao ndio wameibiwa kazi yao, ili ile ya kwanza iondolewe. Sasa Google hupeleka nakala za madai ya hivyo Lumen, kumbukumbu ya wazi kule Marekani, mwandishi akiingia anakuta orodha ya vyote ulivyotaka vifichwe. Hapo umelipia nini?

Ila kinachonichosha kuliko hao matapeli ni nyie wenye hela kuamini kwamba matusi ndiyo yanayowaangusha. Martin Shkreli, mfanyabiashara wa dawa wa New York, 2015, kanunua haki ya kuuza dawa ya Daraprim, kidonge kikatoka dola 13.50 mpaka 750, akatukanwa dunia nzima. Bei ile haikumfunga! Alihukumiwa miaka 7 mwaka 2018 kwa kudanganya watu waliompa hela awawekezee, mambo ya kabla hata ya hicho kidonge. Na akiwa nje kwa dhamana anasubiri adhabu, akaposti Facebook kwamba anatoa dola 5,000 kwa atakayemletea nywele za Hillary Clinton, jaji akamfutia dhamana akaingia ndani. Nani alimtuma?

Afisa mkopo hana muda wa kuhesabu matusi. Anataka kujua mkataba unasemaje kuhusu kodi, notisi mlitoa lini, kuna kesi au hakuna. Mpelekee karatasi hizo kabla hajaziomba, na kama notisi hamkutoa basi malizaneni kwanza na wapangaji, hakuna komenti ya kununua itakayoziba hilo. Hao watetezi wa kulipwa wenyewe akaunti zote zimefunguliwa mwezi mmoja, wanaandika sentensi ileile mpaka makosa ya herufi yanafanana, watu wanacheka.

Halafu umesema yeye ndiye aliyekufuata. Angalia vizuri akaunti zilizokuwa zinachochea, maana wapo wanaoposti wenyewe kisha wanakuja kuuza huduma ya kufuta. Ukinusa hivyo tunza meseji zake zote na namba aliyotaka umtumie hela, usimjibu, nenda polisi.