Kapteni, nataka kuwa mtahini wa marubani, naanzia wapi?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mie ni instrakta wa ndege ndogo, kwetu Changamwe, nimekua naziona ndege zikishuka Moi tangu niko chekechea. Huu mwaka wa sita nafundisha, na masaa ya kuruka kwenye logbuku yamepita 1,500. Kila mwanafunzi wangu akienda testi mie nabaki chini roho juu, juzi nikajiuliza mbona nisiwe mie ndo naketi pale natahini? Yatakiwa masaa mangapi, na je mtu huomba mwenyewe ama hungoja kuitwa? Na nikishapata, nitaweza kuwatahini wanafunzi wangu?
Instrakta, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo wengi wanateleza. Wanafunzi wako wewe usitarajie kuwatahini, na usisikitike. Kule Ulaya sheria yao imeweka mpaka kabisa, ukiwa umempa mtu zaidi ya asilimia 25 ya mafunzo ya kuruka yanayotakiwa kwa leseni ile, huruhusiwi kumtahini. Sababu yake waijua wewe mwenyewe, mtoto umemfundisha miezi minane, makosa yake umeyazoea hadi huyaoni tena.

Sasa masaa. Hapa kwetu mwenye kumpa mtu idhini ya kutahini ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwa hivyo masharti ya daraja unayoitaka kayachukue ofisi ya leseni kwa maandishi, usiyachukue kwa stori za kantini. Lakini nikupe kipimo cha wenzetu ujue umesimama wapi: Ulaya, kutahini leseni ya PPL, ile ya rubani binafsi, watakiwa uwe na masaa 1,000 ya urubani na ndani yake yasiyopungua 250 yawe ya kufundisha, ukitaka ya CPL, ile ya rubani wa kulipwa, masaa yapanda hadi 2,000, na kibali kikitoka ni cha miaka 3 tu. Kwa hesabu hizo wewe hauko mbali.

Na ndiyo, waomba, lakini kuomba si kupewa. Mtahini anafanya kazi kwa niaba ya mamlaka, kwa hivyo mamlaka nayo huangalia kama inamhitaji, na huangalia rekodi yako. Marekani sheria inasema wazi kwamba uteuzi waweza kufutwa wakati wowote. Kwa hivyo makaratasi yako yawe safi kuanzia leo, logbuku, cheti cha medikali, na matokeo ya wale unaowapeleka testi, maana ukipeleka watano na watatu wakarudishwa hilo linakuhusu wewe kabla ya kuwahusu wao.

Ila masaa na fomu, mwanangu, hilo ndo jepesi. Zito ni mkono. Siku mie napimwa kuwa mtahini niliketi kiti cha kulia kwenye Cessna 172, mkaguzi yuko nyuma na kalamu yake, kijana anarusha vizuri tu, tukaja kutua akasahau flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Nikauona mkono wangu mwenyewe unaenda kwenye ile swichi. Sikuigusa, niliurudisha, lakini kijana ameshauona, akashtuka akashusha flapu. Tulipotua mkaguzi akaniuliza swali moja tu, nani aliyekumbuka flapu? Sikuwa na jibu. Ile testi ilikuwa imeharibika pale pale, si kwa kosa la kijana, ni mie nimemfundisha katikati ya mtihani. Miaka yote ya uinstrakta inakufunza kuokoa, na mtahini kazi yake ni kutulia aone kama mtu atajiokoa mwenyewe, ila ikifika hatari ya kweli washika ndege bila kusita, na ukishashika kwa ajili ya usalama basi testi imeanguka, hakuna kumbembeleza.

Halafu jua hili ni Mombasa. Utamuangusha mtoto wa mtu unayeswali naye safu moja Ijumaa, na babake ameuza shamba Kwale kulipa skuli. Utamueleza kijana kwa utulivu ni kitu gani hasa kilichomuangusha, utaandika, atarudi kwa mwalimu wake, na simu za wazee utazipokea kwa heshima na matokeo hayabadiliki. Kama hilo huliwezi baki instrakta, nasema kwa mapenzi, instrakta mzuri tunamhitaji sana hapa pwani.

Na usifikirie kutahini ni kuangusha. Mwezi wa sita kusi ikikaza na upepo unaipiga ranwei kwa ubavu, kijana akakuambia Kapteni leo mie siruki, huyo hajaanguka, amekuonyesha akili ya rubani, mpangie siku nyingine. Wengine huona haya kusema hivyo mbele ya mtahini, na uso wako ndo utawafanya waseme ama wanyamaze.

Cha kufanya sasa hivi, muombe instrakta mwenzio akupe mwanafunzi wake anayekaribia testi, umfanyie ya majaribio, maswali mkiwa bado chini kwanza halafu kuruka, yote yaliyo kwenye fomu ya testi si yale unayoyapenda wewe. Mikono iweke mapajani. Mkitua andika matokeo kabla hujafungua mdomo, kisha mpe yule mwenzio asome aone kama anaelewa mwanafunzi wake ameangukia wapi.