Nimestaafu ualimu, naona aibu kukaa na meza ya vikapu

*Shikamoo dada. Mi ni mwalimu mstaafu, miaka 61, nakaa Mtwara mjini huku Shangani. Tangu nistaafu mwaka jana nimerudia kazi aliyonifundisha mama, nasuka ukili, nashona mikeka na vikapu vya rangi. Watu wanavisifia kweli, ila nauzia hapa hapa nyumbani kikapu 8,000 na hela siioni inakoenda. Shoga yangu ananiambia nipeleke kwenye maonyesho ya Nane Nane, Ngongo kule Lindi. Sasa dada, mji huu nusu nimeufundisha mimi, nikifikiria wanafunzi wangu wanapita nimekaa nyuma ya meza kwenye vumbi nahisi watasema mwalimu kafulia. Mwanangu yeye anasema nichukue hela ya mkupuo nifungue duka la maana mjini, ndo heshima. Nifanyeje?*
*Mwalimu wa Shangani*

Marahaba mdogo wangu. Ngoja nianze na hiyo aibu maana nimeilalia na kuamka nayo. Mi nilikuwa nesi miaka 30 na ushee, batiki zangu nimeanza kuzitandika Ngongo nikiwa na miaka 58, na siku ya kwanza nilijifunga mtandio mpaka usawa wa macho kama natoroka deni. Haijafika saa nne kijana mmoja akapiga kelele "Nesiii!" watu wote wakageuka, nikatamani nizame chini ya meza. Kumbe nilimshona kidole akiwa mdogo, akanionyesha na kovu lenyewe. Alichukua vitambaa viwili, jioni akarudi na mkewe na mama mkwe wakachukua vingine vitatu. Siku ile ningekuwa mgeni pale nadhani ningerudi nyumbani na mzigo wangu wote.

Kwahiyo hao wanafunzi usiwakimbie, ndo wateja wako wa kwanza. Ila jiandae, kukucheka hawatakucheka, watakuomba bei ya shikamoo! Mtu anakuja anapiga goti kabisa, "mwalimu wangu jamani, si mimi mwanao," huku mkono mwingine umeshashika kikapu, we ukisikia mwanao roho inalainika unamwachia kwa elfu sita. Wakija kumi wa hivyo umefanya kazi ya sadaka. Mi siku izi bei naandika kwenye karatasi nabandika, mtu akianza udugu namwambia mwanangu bei hiyo hapo, marahaba nakupa bure.

Na hiyo 8,000 umeitoa wapi? Naomba uchukue kalamu, we ni mwalimu. Tuseme miyaa na rangi za kikapu kimoja zimekula 5,000, alafu umekaa nacho siku tatu, kuchovya, kuanika, kusuka, kushona na lile shazia linalokutoboa vidole. Mtu ukimwita akupalilie shamba siku moja unampa sh ngapi? Weka hata 5,000 tu, siku tatu 15,000, jumla kikapu kinasimama 20,000 kabla hujala faida hata ya chai. Kwa 8,000 unajilipa elfu moja kwa siku. Ndo maana hela huioni, haipo! Ukiona 20,000 ni nzito kwa wateja wa hapa basi suka na vidogo, vya kuwekea simu na chenji, kawa za kufunikia chakula, mtu ambaye hana ya kikapu asiondoke mikono mitupu.

Duka sasa. Mwanao anakupenda lakini mwambie asubiri. Fremu mjini wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, bado rafu, bado umeme, bado msichana wa kukaa pale, na hela ya mkupuo ikishatoka haina kaka yake nyuma. Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru hapo jirani zetu tu, alianza kuchora mwaka 1968 ana kama miaka 36, kwenye vibao vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, na picha zilikuwa zinauzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Leo jina lake ndo jina la mchoro wenyewe. We anza na meza, ukishajua kipi kinatoka na kipi kinakaa ndo tuongee habari za fremu.

Ngongo yenyewe maonyesho yanaanza tarehe 1 Agosti mpaka 8, ila usisubiri Julai iishe. Kuanzia Mei nenda ofisi ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, hapo Mtwara na kwa afisa maendeleo ya jamii wa manispaa, uliza wajasiriamali wanaingiaje kwenye mabanda yao, maana kukodi banda peke yako mwaka wa kwanza mi sikushauri. Ukiwa hapo hapo uliza na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kule 4 ni za wanawake kwenye vikundi na hawajasema uwe kijana.

Agosti ni kusi. Mwaka wangu wa pili upepo ulibeba turubai na batiki nne, moja niliikuta imejisetiri kwenye mabanzi ya zizi la ng'ombe wa maonyesho. Beba kamba na mawe, na ukili wako wa rangi usiuning'inize juani siku nane mfululizo, ile zambarau inageuka kijivu na mteja anadhani ni mzigo wa zamani wa stoo. Chukua lipa namba, na mtu akikuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba kashalipa, angalia yako kwanza. Meseji za kutengeneza zipo na vijana wanajua kwamba mama mtu mzima miwani kaisahau.

Kitu kimoja nakuomba sana, usikae umekunja mikono. Nenda na ukili ambao haujaisha, usuke pale pale mezani. Watu wanapita vikapu kama hawavioni, lakini vidole vinavyokimbia bila kuangaliwa lazima mtu asimame, na akisimama ataanza kuuliza, na mwalimu akiulizwa huwa anajibu, si ndo kazi yako hiyo.

Alafu Nane Nane ikikataa usizire. Huku kwetu hela inaamka na korosho, kuanzia Oktoba minada ikishaanza kulipa, na unyago wa shule zikifungwa, pale mkeka mpya mwenye shughuli lazima autafute. Weka mzigo wa kutosha ndani kwa ajili ya miezi hiyo.

*Shikamoo mama. Mi nina miaka 55, nachonga vinyago Newala. Nilienda maonyesho nikaviweka juani, viwili vikapasuka, na wateja wengi wananiambia hii sio mpingo umepaka dawa ya viatu. Nakosea wapi?*

Marahaba baba. Kupasuka ni mti mbichi na jua, achana na haraka, magogo yakae kivulini yakauke taratibu, na mezani weka kivuli hata cha khanga. Risiti ya ulikonunua mti usiitupe, na kabla hujapakia mzigo pita kwa watu wa TFS, wakala wa misitu, uulize kibali cha kusafirisha, geti la maliasili halijui kuwa we msanii.

Kuhusu dawa ya viatu wala usibishane nao, maana wanaopaka kweli wapo na wametuharibia. Weka ndoo ya maji mezani na vipande viwili vidogo, kimoja mpingo na kimoja mti wowote mweupe uliopakwa dawa. Mpingo unazama. Mwache mteja atumbukize mwenyewe.