Kigoda cha Abhinavagupta: mkataba uandikweje ili chuo kikubali?

SWALI: Habari kaka. Mimi Mtanzania niko Marekani, naratibu mfuko wa familia moja ambayo wazee wake ni Mapandit wa Kashmir, yaani Wahindu wa Bonde la Kashmir kule kaskazini mwa India, waliokimbia vurugu 1990. Wanataka kuanzisha kigoda cha uprofesa kwenye chuo kimoja huku, kiitwe kwa jina la Abhinavagupta yule mwanafalsafa wa Kishaiva (Wahindu wanaomwabudu Shiva), na somo liwe mauaji ya kimbari ya kitamaduni. Wametenga dola milioni 2. Kwenye rasimu tumeandika kwamba profesa ataonyesha kuwa yaliyowapata Mapandit ni mauaji ya kimbari, na familia iwe na mtu mmoja kwenye kamati ya kuajiri. Chuo kimerudisha rasimu na maswali kibao. Tunakosea wapi?

JIBU: Dada, shida ziko tatu, moja ya hela na mbili za mkataba wenyewe, nianze na ya hela maana hiyo ndo nyepesi.

Milioni 2 ni hela nyingi ila hii ni wakfu, yaani mtaji hauguswi, chuo kinauwekeza halafu kila mwaka kinachomoa kama asilimia 4 mpaka 5 hivi. Piga hesabu ya 4.5, unapata dola 90,000 kwa mwaka. Hapo mshahara wa profesa mwandamizi na bima yake na pensheni kwenye vyuo vingi huumalizi, bado safari, bado vitabu, bado mwanafunzi msaidizi. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza, tena kwa maandishi: nafasi ya ajira yenyewe nani anailipa? Kama chuo kinafungua nafasi mpya na hela yenu inajazia, safi. Kama wanataka tu kumvisha jina la kigoda mwalimu ambaye tayari yupo, siyo dhambi, inafanyika sana, lakini wazee waambiwe mapema wasije wakadhani wameongeza mtu kumbe wameongeza jina. Njia nyingine ni kigoda cha muda, mtu anakaa miaka michache anapisha mwingine. Pale UDSM Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilianza 2008, Profesa Issa Shivji akakikalia mpaka 2013 kisha akampisha mwingine. Kwa milioni 2 mimi ningefikiria hivyo kwanza.

Sasa la kamati ya kuajiri. Hilo lifute. Usilipunguze, usiseme "mwangalizi asiye na kura", lifute kabisa. Chuo chochote kinachojiheshimu kitakataa, na kile kitakachokubali ndicho cha kukiogopa, maana wahadhiri wakija kugundua jina la familia litakuwa magazetini. Mfano uko karibu sana na wenu: Chuo Kikuu cha California pale Irvine kilikubaliana na Dharma Civilization Foundation, shirika la wahisani Wahindu wa Marekani, kuhusu vigoda vya masomo ya India na dini zake, wahadhiri na wanafunzi wakaja juu wakihoji mfadhili ana mkono kiasi gani, na mwaka 2016 mpango ukavunjika. Na usisahau upande wa kodi, mtoaji anayebaki ameshika usukani anaweza kuulizwa kama kweli ametoa au amejinunulia huduma, hapo muone wakili wa kodi, siyo mimi.

Na hata baada ya kuajiri mambo hayaishi. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle kilirudisha dola milioni 5 mwaka 2022 kwa mfadhili wa masomo ya Israeli, kisa profesa aliyekalia kigoda alisaini barua ya wazi ambayo mfadhili hakuipenda. Hela ikarudi, kigoda kikafa, na hakuna aliyetoka hapo na furaha. Waulize wazee leo, kabla ya kusaini: profesa wenu akiandika makala ya kuwaudhi mtafanya nini? Kama jibu ni "tutadai hela", basi wasianzishe kigoda, watoe hela ya kuchapisha vitabu au kutunza nyaraka, huko hakuna mtu wa kuwaudhi.

Tukija kwenye ile sentensi ya "ataonyesha kuwa", hapa ndo penyewe, nadhani ndo iliyowashtua wale wa chuo. Mkiandika jibu kwenye mkataba mmeshaua utafiti, mtu mwenye jina hataomba hiyo kazi. Halafu kisheria mnasimama pabovu kuliko mnavyodhani. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyeipa dunia neno la mauaji ya kimbari mwaka 1944, kwake utamaduni ulikuwa ndani kabisa, alishaanza kulisema hilo tangu 1933. Rasimu za Umoja wa Mataifa za 1947 na 1948 nazo zilikuwa na kipengele cha kuua utamaduni. Kikaondolewa Oktoba 1948 kwenye Kamati ya Sita, ile ya sheria ya Baraza Kuu, kwa kura 25 dhidi ya 16, nchi 4 zikajizuia, na Mkataba wa Mauaji ya Kimbari uliopitishwa Desemba mwaka huo ukabaki na alama moja tu ya wazo lile, kuwahamisha watoto wa kundi kwa nguvu kwenda kundi lingine. Tangu hapo mahakama za kimataifa zimeshikilia hivyohivyo. Kwenye kesi ya Krstić, jenerali wa Waserbia wa Bosnia, mwaka 2001 mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa Yugoslavia ya zamani ilisema kubomoa misikiti na nyumba si mauaji ya kimbari kwenyewe ila kunaweza kuwa ushahidi wa nia, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki 2007 kwenye kesi ya Bosnia ikaenda mstari huohuo. Aliyebomoa makaburi ya mawalii Timbuktu kule Mali alifungwa miaka 9 mwaka 2016, lakini kwa uhalifu wa kivita.

Na kuhusu Mapandit wenyewe, Tume ya Haki za Binadamu ya India ilishalitazama suala hili, mwaka 1999 ikasema kulitokea vitendo vinavyofanana na mauaji ya kimbari lakini havikufika kwenye ile tafsiri kali ya mkataba. Wazee wengi hawalipendi jibu hilo na nawaelewa, mtu aliyeacha nyumba na hekalu la wazee wake hataki kupimiwa maneno. Ila kigoda siyo mahakama ya rufaa. Hata idadi ya waliohama inabishaniwa mpaka leo, basi mwacheni profesa ahesabu.

Wapeni mfano wa Waarmenia, walioangamizwa na dola ya Kiosmani, yaani Uturuki ya zamani. Chuo Kikuu cha Clark, Massachusetts, kina kigoda cha historia ya Armenia na mauaji ya kimbari ya Waarmenia, kimebeba majina ya familia za wahisani. Waliyemkalisha pale kwa miaka mingi ni Taner Akçam, Mturuki! Akachimba nyaraka za Kiosmani, na alichokiandika kina uzito hasa kwa sababu hakuna anayeweza kusema alilipwa na ndugu wa marehemu aseme hivyo. Familia yenu ikitaka kuaminiwa na mtu ambaye si Mpandit, njia ndo hiyo.

Kwa hiyo kipengele cha lengo mimi ningekiandika hivi: "Kigoda kitahusu utafiti na ufundishaji juu ya uharibifu wa tamaduni za jamii zilizoteswa au kuhamishwa, yaani lugha zao, maandishi yao, mahali pao patakatifu na shule zao za elimu, kwa kulinganisha sehemu mbalimbali za dunia, Kashmir ikiwemo." Kashmir inatajwa, haifungiwi. Na ikitajwa iwe Kashmir yote, maana profesa makini hataruka kaburi takatifu la Charar-e-Sharief, la Sheikh Nur-ud-Din anayependwa na Waislamu na Wahindu pia, lililoteketea Mei 1995 katikati ya mapigano. Mzee mmoja akigoma hapo, jua bado hamjawa tayari kwenda chuoni.

Chuo pia lazima kitauliza, mtu aliyeishi miaka 1,000 iliyopita anahusiana vipi na somo hili? Hapa mna jibu zuri kuliko mnavyojua, na rasimu yenu haikuligusa kabisa. Kazi yake kubwa Tantraloka ipo, ilitolewa na idara ya utafiti ya serikali ya Kashmir kati ya 1918 na 1938, majuzuu 12 pamoja na ufafanuzi wa Jayaratha. Miswada ya Kashmir ilikusanywa na Georg Bühler, mtaalamu wa Kisanskriti, mwaka 1875 na mingi iko Pune, India. Maandishi hayajapotea, kilichokonda ni mnyororo wa walimu. Swami Lakshmanjoo, mwalimu mkubwa wa mwisho wa mapokeo hayo pale Srinagar, alifariki 1991 wakati Mapandit wengi wameshaondoka, na wanaosoma hati ya Sharada, mwandiko wa kale wa Kashmir, kwa ufasaha ni wachache. Je, utamaduni umeuawa kama vitabu vipo maktaba lakini shule haipo nyumbani kwake? Hilo ni swali la utafiti la kweli, halijajibiwa, na linaliunganisha jina na somo bila kulazimisha. Tengeni sehemu ya mapato ya kila mwaka kwa ajili ya kufundisha Sharada na Kisanskriti, hata kozi ya kiangazi tu, hapo chuo kitaona mna akili ya kazi.

Wazee wakisema uhuru wote huo ni kumsaliti mwenye jina, wakumbushe Abhinavagupta mwenyewe anaandika kwenye Tantraloka kwamba alienda kusoma mpaka kwa walimu wa Kibudha na Kijaini, halafu akarudi akabishana na Wabudha kwa hoja zao wenyewe.

Mengine ni madogo. Wekeni kipengele cha akiba, kwamba somo likifa au idara ikifungwa hela iende kwenye jambo la karibu na lengo na mfuko wenu uarifiwe, msiandike "irudi kwetu". Ratiba ya malipo iwe wazi, na jina la kigoda lisianze kutumika mpaka kiasi fulani kimeingia. Ripoti ya mwaka mnaruhusiwa kudai, ya matumizi na ya kazi iliyofanyika, siyo ya kuidhinisha mtaala.

Rasimu mpya ipelekeni bila jina la mtu mnayemtaka awe profesa, najua mnaye. Yeye aombe kama wengine. Na lile swali la nani analipa nafasi ya ajira litumeni wiki hii hii kabla ya kuhariri chochote, maana wakijibu kwamba hakuna nafasi mpya, nusu ya haya niliyoandika itabidi tuyapange upya kwa kigoda cha muda.