Aletsch mwezi Julai: tazameni, ila msiingie kwenye barafu wenyewe

Ndugu, umeuliza kama wewe, mkeo na mtoto wa miaka 9 mnaweza kutembea juu ya mto wa barafu wa Aletsch, Uswisi, bila mwongozaji. Nakusihi, msifanye hivyo.

Ukiwa mbali barafu inaonekana tambarare. Ukiikaribia, ina nyufa zenye kina kirefu, na huko juu nyingine hufunikwa na theluji laini usiyoweza kuitofautisha na ardhi ngumu. Mtoto akikanyaga pale, theluji inakatika. Kama hamu ni kuikanyaga, lipieni mwongozaji wa milimani mwenye kibali. Atawafunga kamba na kuwapa njumu za chuma za kufunga chini ya viatu ili msiteleze.

Kwa familia, mimi ningepanda gari la nyaya hadi Bettmerhorn au Moosfluh, sehemu za juu mlimani zinazotazama barafu hiyo, kisha nikafuata njia zilizowekwa alama. Mandhari yake, kwa kweli, inatosha: barafu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, ndefu kuliko zote katika milima ya Alps.

Ondokeni asubuhi. Mchana radi huja ghafla, na vijito vya barafu inayoyeyuka hujaa maji. Mlichovuka saa tatu kinaweza kutopitika saa tisa. Bebeni koti, miwani ya jua na krimu ya kuzuia jua. Msisimame chini ya ukingo wa barafu, hata kwa picha.

Mwenye tatizo la moyo au mapafu amwone daktari kwanza. Dharura ikitokea, pigeni 112, au 144 kwa helikopta ya uokoaji.