Jibu: Halmashauri inunue kifaa gani cha kutafutia matangi ya maji taka?

Ndugu, umeuliza kama halmashauri itenge fedha za rada ya ardhini (kifaa kinachotuma mawimbi udongoni na kuonyesha kilichofukiwa) ili kutafuta matangi yaliyofukiwa. Mimi ningeanza na kitu kidogo: kile kitoa mawimbi kinachoingizwa kwenye bomba la choo kwa waya wa kusukumia. Fundi anatembea juu na kipokezi, mlio ukipanda anachomeka kijiti, anasogea. Mara nyingi kijiti cha mwisho kinakuwa mlangoni mwa tangi. Kitoa mawimbi cha 512 Hz (mawimbi 512 kwa sekunde) husikika hata ndani ya bomba la chuma. Rada hufifia kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji, na picha zake zinataka mzoefu. Kigundua chuma nacho? Mfuniko wa zege usio na nondo hakiuoni.

Kwenye bajeti, usiombe bei ya kifaa peke yake. Mafunzo, betri na matengenezo viingie kwenye matumizi ya kawaida, la sivyo kitalala stoo. Tengeni pia fungu la kurekodi GPS ya kila tangi linalopatikana. Kulitafuta lilelile mara ya pili ni aibu. Halmashauri jirani zinaweza kuchangia kifaa kimoja kwa zamu, ila andikeni mapema nani analipa kikidumbukia.